Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Jumatatu, 8 Septemba

Wanakuja! Ultan wangu na mchumba wake. Kesho mchana, na watakaa wiki nzima! Nimepiga pasi mashuka yote, hata ya vyumba ambavyo hakuna atakayelala. Nimepangusa picha za Ultan kwenye ngazi. Ultan na kikombe alichoshinda kwa kuogelea. Ultan na suti ya kipaimara. Ultan mbele ya hoteli kule Rotterdam, ambako ni meneja msaidizi. Hoteli ya lifti mbili! Mgeni wangu akifika kitandani huwa tayari anamjua mwanangu vizuri. Hotelini utaona picha ya nini ukutani? Mchanga. Labda na kokoto.

Sasa nikuambie siri, shajara, maana wewe huna mdomo. Magoti yangu yamechoka. Ngazi zimerefuka tangu mume wangu Packie aende zake mbinguni. Majira haya yakiisha, ama Ultan arudi hapa Donegal tuendeshe nyumba pamoja, ama nifunge. Nifunge! Nyumba hii ambayo wageni huiaga kwa machozi! Siwezi hata kuliandika neno lenyewe. Nimeshaliandika. Basi.

Lakini kumwomba? Thubutu. Mama haombi. Mama anapanga mambo, mtoto anajikuta ameomba mwenyewe. Mpango wangu ni huu: aone nyumba imefurika wageni, kisha aone mama yake anachechemea. Achechemee kidogo tu, kwa heshima. Sikusoma sana mimi, lakini kichwa changu kinachemka.

Tatizo ni kwamba nina mgeni mmoja. Mzee Lechner, Mjerumani wa baiskeli, anayekuja kila Septemba. Alifika leo ameloa chapachapa. Nilimvua koti palepale mlangoni, nikamgombeza kwa kupanda mlima bila kofia, na umri ule! Nikampa suruali ya marehemu Packie, nikamkalisha jikoni karibu na moto, supu mkononi. Akaniambia jana alilala kwenye hoteli kubwa, kila mtu alimwita bwana, hakuna hata mmoja aliyemgombeza. Siku nzima alikuwa anakanyaga baiskeli akiwazia atakavyogombezwa kwangu. Mtu mzuri sana. Suruali inamfika chini kidogo ya magoti.

Jioni akaja Concepta wa ng'ambo ya barabara, kunusa ninachooka. Naye ana nyumba ya wageni. Vyumba sita, na mabafu yenye mabomba ya mvua mapana kama alizeti, huwezi kumaliza dakika bila kutajiwa hizo alizeti. Nilimkaribisha chai, akakataa. Nikamkaribisha tena, akasema asinisumbue, labda nusu kikombe, lakini basi tu, hapana. Nikamkaribisha mara ya tatu, akavuta kiti. Alikunywa vikombe vitatu akamaliza keki ya ndimu. Concepta ana kasoro zake, tena nyingi, lakini mtu akilelewa vizuri utamjua.

Jumanne, 9 Septemba

Wamefika! Ultan amenenepa kidogo, amependeza. Mchumba anaitwa Hanneke, Mholanzi, mrefu kama mlango wa kanisa. Uso mwema. Mkono wenye nguvu. Ameniita Attracta tangu salamu ya kwanza, kama vile tulichunga kondoo pamoja. Nimelimeza.

Nikamkaribisha chai. Akasema hapana, asante. Safi, nikajua kumbe wana adabu hata huko! Nikamimina. Akakiangalia kikombe kama kimeangukia pale kwa bahati mbaya, akasema tena hapana. Nikaongeza maziwa na kipande cha keki. Ultan akaninong'oneza, Mama, huyu akisema hapana ni hapana. Maskini mwanangu. Miaka kumi na miwili ughaibuni imemtoa adabu zote nilizomtia.

Na subiri. Baada ya chakula Hanneke akauliza kama anisaidie kuosha vyombo. Nikasema hata kidogo, wewe ni mgeni, kaa. AKAKAA! Akafungua gazeti! Niliosha peke yangu, nikichechemea, wala hakuna aliyeona kwa sababu meza iliwakinga.

Hata hivyo kazi ilifanyika. Nimetundika kibao cha HAKUNA NAFASI dirishani. Nimewasha taa vyumba vyote. Nje ya kila mlango nimepanga viatu: mabuti ya mpira ya Packie chumba cha tatu, viatu vya zamani vya Ultan vya kupandia milima chumba cha nne, viatu vyangu vya harusi chumba cha tano. Hanneke amepita pale, amevitazama, amesema nyumba hii ina shughuli kweli. Nimelala nikitabasamu.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa! Sijawahi kushiba hivi.

Asubuhi mezani yuko Mzee Lechner peke yake. Hanneke akauliza wengine wako wapi. Nikasema bado wamelala, watu wa safari ndefu. Kumbe nimejichimbia shimo. Yule binti ni mtu wa hoteli! Akasema kwao mgeni aliyechelewa hupelekewa chakula mlangoni, nisisimame, nipumzike, atafanya yeye. Nikakataa. Na hapo, safari hii, hakunisikia! Akakaanga kila kitu. Bekoni, soseji, soseji nyeusi za damu, mayai, uyoga, nyanya. Sinia tatu. Akapanda nazo, akagonga kila mlango polepole kwa ukucha, akashuka.

Nikasema naenda kupanga taulo. Nikapanda. Chumba cha tatu nilikula kila kitu. Chumba cha nne nilikula hadi yai la pili, nikakaa kwanza ukingoni mwa kitanda nikawaza maisha yangu. Chumba cha tano nilifunga kila kitu kwenye foronya, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikampelekea mbwa wa Concepta. Mbwa huyo sasa haniachi. Ananifuata hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Hanneke alipoleta masinia jikoni alifurahi sana. Akasema yule wa chumba cha tatu anakula kwa usafi mno, angependa kumwona. Mzee Lechner akasubiri atoke, akaniuliza kwa upole mwenye viatu vyeupe vya harusi atakaa hadi lini. Nikamwongezea mkate, naye akanyamaza. Mgeni wa miaka mingi ni kama ndugu, anajua wapi pa kunyamaza.

Lakini hicho kibao! Alasiri nimesimama dirishani. Gari inakuja, inapunguza mwendo, inasoma HAKUNA NAFASI, inageuka, inaingia kwa Concepta. Nyingine hiyo. Kisha wenye mapikipiki. Concepta amejaa hadi anawalaza kwenye kochi! Jioni akavuka barabara kuja kunishukuru. Ati mwenzangu, Mungu akuzidishie, hujawahi kunifanyia wema namna hii. Amenipa keki ya dukani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimechechemea siku nzima. Mguu wa kushoto hadi mchana, kisha nikasahau nikahamia wa kulia. Hanneke akauliza ni upi hasa unaouma. Nikamwambia inapokezana. Akaandika jina la dawa kwenye simu yake.

Ultan akanitazama kwa huruma. Nikasema moyoni, haya, sasa anasema! Akasema: Mama, hujawaza kupumzika? Ungefunga majira ya baridi yote. Kufunga! Mimi natafuta mrithi, yeye ananitafutia kufuli! Ikabidi nimwonyeshe kwamba sijaisha. Nikapanda ngazi mbilimbili, nikiimba. Huko juu nililala chini kwenye zulia, mbele ya picha ya kipaimara, mpaka nikaweza kupumua.

Kisha, shajara, jioni ilikuwa nzuri mno. Mvua nje. Mzee Lechner mezani na suruali ya Packie, anasimulia jinsi kondoo alivyomlia ramani yake. Ultan anamimina chai bila kuuliza, kama nilivyomfundisha. Wanacheka. Mimi niko ndani ya stoo ya chakula, mlango nimeuacha wazi kidogo, natafuta unga. Nikamsikia mwanangu akisema hotelini kwake siku hizi mgeni anapokelewa na mashine, inatema kadi, basi. Miaka imepita hajasikia hadithi ya mgeni hata mmoja. Akasema huwa anaota harufu ya jikoni hili. Akasema kwa sauti ya chini, na Hanneke akamshika mkono.

Nililia ndani ya unga. Nikatoka na madoa meupe usoni. Nikawaambia ni baridi.

Ijumaa, 12 Septemba

Andika kwa herufi kubwa: AMEOMBA! Siyo Ultan, yeye alikuwa juu ya paa anazibua mfereji wa mvua. Hanneke! Mimi nakanda mkate wangu wa magadi, yeye ananiangalia. Akasema wazi kama mtu anayeuliza saa. Attracta, mimi na Ultan tungependa kuacha kazi, turudi hapa, tuendeshe nyumba hii pamoja nawe. Ungependa?

Ningependa! Moyo ulipiga hadi unga ukaruka! Magoti yalipona yote mawili papo hapo!

Nikasema hapana. Bila shaka! Mtu hawezi kurukia jambo kama hilo kama kuku aliyetupiwa mahindi. Nilisema vizuri, kwa mapambo. La hasha, mwanangu, na kazi zenu nzuri mlizonazo, mje kufanya nini kwenye kibanda hiki cha upepo, msinifikirie mimi kabisa. Ilikuwa hapana nzuri mno. Mama yangu angeipigia makofi. Kisha nikaendelea kukanda, polepole, nikimngoja aombe tena.

Akasema: Sawa. Asante kwa kusema ukweli.

Akasuuza kikombe chake! Akatoka!

Nimebaki na unga mkononi. Sawa? Sawa nini? Hapana ya kwanza haihesabiwi! Hiyo ni ya kusafishia koo tu. Ya pili ni ya kulegea. Ya tatu ndipo mtu anasema haya basi, kama mmeng'ang'ania. Hata mtoto wa chekechea hapa analijua hilo, hata padri akiletewa biskuti. Kule Uholanzi watu wanaishije? Wanapataje hata chai?

Siyo kitu. Atamwambia Ultan. Ultan ni damu yangu, ataomba mara ya pili. Nimeoka keki nyingine kwa ajili hiyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikuwa tayari tangu alfajiri. Blauzi ya kola. Birika motoni. Ultan akaingia jikoni, akajikuna shingo kama baba yake. Akasema Hanneke amemwambia nimekataa, je, kweli ndivyo ninavyotaka, Mama?

Mara ya pili hiyo! Hatua kwa hatua! Nikatoa hapana ya kulegea. Nikapumua kwanza. Nikatazama dirishani. Nikasema, jamani, mwanangu, msihangaike na mimi, nitajikongoja hivyohivyo. Sauti ikatetemeka mwishoni, na hiyo sikuipanga. Akafungua mdomo. Nilikuwa naiona ile mara ya tatu ikimtoka midomoni, naapa. Nikaanza kufungua aproni nimkumbatie.

Mlango wa nyuma ukafunguka paa! Concepta! Na mbwa!

Ati nyinyi, hamjambo, nina habari. Binti yake wa Boston ametuma tiketi. Anaenda kuishi huko, amechoka na mashuka. Anauza nyumba. Vyumba sita, alizeti na vyote. Amesema anawaambia majirani kwanza. Akakaa mezani. Nikamwambia chai hakuna. Akasema basi atakunywa ile iliyo motoni. Sijawahi kumkaribisha mtu chai kwa uchungu namna ile.

Nilipogeuka, Ultan na Hanneke walikuwa wanatazamana. Mtazamo ule naujua. Ndivyo Packie alivyoitazama trekta.

Nikamkanyaga Concepta mguu. Akasema Attracta, umenikanyaga. Nikasema ni goti.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya Misa walienda kuiona. Mimi nilibaki makaburini nikimlalamikia Packie. Hakusema kitu, ndivyo alivyokuwa.

Walirudi wakiwa wamenyooka migongo. Ultan akanishika mabega. Mama, akasema, kwa kuwa wewe hutaki tuingilie mambo yako hapa, tumemuuliza Concepta kama angetuuzia sisi. Tutakuwa jirani yako tu, ng'ambo ya barabara, utatuona kila siku. Amekubali.

Nikauliza mmemwomba mara ngapi.

Akasema mara moja.

MARA MOJA! Concepta Gildea! Mwanamke aliyekataa nusu kikombe cha chai Jumatatu hii hii kwa macho yangu! Akaulizwa kuhusu nyumba ya mumewe, nyumba ya mama mkwe wake, akasema ndiyo hata swali halijafika mwisho! Nilivuka barabara na kofia ya kanisani kichwani. Nikamwambia huna haya. Akasema sasa ningesema nini, mwenzangu? Huyu binti anaongea kama anayegonga msumari, nilimwona pale kwako, ukimwambia hapana anaondoka. Wewe umemwambia nini?

Nilimpapasa mbwa wake kichwani nikarudi.

Mwanangu atakuwa mpinzani wangu wa biashara. Na atanishinda, maana ni mwerevu, amerithi kwangu. Nimejaa fahari na nimejaa ghadhabu, na hazitoshi kwenye kifua kimoja.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijashindwa. Wanaondoka kesho kupanga mambo yao, kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kuwatisha. Nilimweleza Hanneke, kama stori tu, kwamba nyumba ya Concepta inanyonya maji. Kuta zake zinalia. Mtu akilala pale anaamka na kikohozi kisichoisha hadi Machi.

Akaenda garini akarudi na kidude chake cha kupimia unyevu. Anasafiri nacho! Akapima kwa Concepta: kavu kama biskuti. Kisha, kwa wema wake, akavuka akapima na kwangu. Kikalia. Kililia sebuleni, kikalia ngazini, kikapiga kelele kabisa nyuma ya picha ya Ultan na kikombe cha kuogelea. Akasema nisijali, watanirekebishia ukuta huo wakirudi. Nikasema hapana, hapana. Akasema sawa.

Nitajifunza lini kunyamaza? Hapana, swali baya. Yeye atajifunza lini kuomba?

Mzee Lechner naye ameondoka leo. Nimemfungia mkate, nimemvalisha kofia ya Packie kwa nguvu. Mlangoni akauliza mwakani alale wapi, kwangu au kwa vijana. Nikamwambia pale penye bafu zuri, usinifikirie. Akatabasamu, akauliza tena. Nikamwambia basi utaona mwenyewe. Akauliza tena! Mara tatu, Mjerumani! Nikamwambia kwangu, mjinga wewe, unauliza nini. Ameondoka anapiga kengele ya baiskeli hadi kwenye kona.

Jumanne, 4 Novemba

Concepta amerudi kutoka Boston. Hakumaliza hata mwezi. Binti yake alimpa chumba cha chini ya ardhi, na majirani hawasalimiani. Nyumba yake ameshawaahidi vijana, hawezi kurudi nyuma. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha basi na sanduku na mbwa, anajifanya anasubiri mtu.

Nikamwambia njoo ukae kwangu. Akasema hawezi, atajipanga. Nikamwambia chumba cha tatu kiko wazi na kina jua. Akasema nisijisumbue, lakini akaweka sanduku chini. Nikamwambia Concepta, njoo. Akasema haya basi, kama umeng'ang'ania.

Unaona, shajara? Ndivyo inavyofanyika! Dakika moja haijaisha, watu wawili wameelewana, hakuna aliyeaibika.

Amelalamikia soseji, na anasema bomba langu la mvua linadondosha kama pua. Jikoni sasa kuna sauti. Nzuri siyo, lakini sauti.

Jumamosi, 28 Machi

Kesho vijana wanafungua. Nyumba imepakwa rangi ya samawati. Ultan ameweka maua. Nimeyakagua yote kwa darubini ya Packie, sijakuta kosa, na hilo limeniudhi.

Mchana Hanneke akavuka barabara. Akakaa. Nikamkaribisha chai, akasema hapana, nikamkaribisha tena, akasema hapana, nikamkaribisha mara ya tatu, akasema haya basi! Nikajua Ultan amemfunda. Machozi yalinilengalenga.

Akasema simu hazikomi. Wageni wote wa zamani wanaweka nafasi, na kila mmoja anauliza kitu kimoja: yule mama yuko? Anayekaanga mwenyewe, anayegombeza? Mzee Lechner ameuliza hata kama picha za ngazini zitahamishwa. Akaniambia yeye na Ultan wanajua kupanga vitanda na kushika simu, lakini hakuna shule inayofundisha kile ninachofanya mimi asubuhi jikoni. Kwa hiyo anaomba. Tuunganishe. Nyumba moja yenye milango miwili. Wageni walale pande zote, Ultan apande ngazi zote, wote waje kula asubuhi mezani kwangu, na mimi ndiye mama mwenye nyumba. Tuanzie leo, kwa chakula cha jioni kwao, meza imeshaandaliwa.

Kila kitu! Kila nilichopanga tangu Septemba, na mabuti ya mpira na sinia tatu! Kimekuja chenyewe na kimekaa kwenye kiti changu!

Nikasema hapana, mwanangu, mtahangaika bure.

Akatabasamu. Akaomba mara ya pili. Nikalegea, nikasema jamani, mimi mzee. Concepta, pale kwenye kona, alikuwa ameacha kufuma.

Kisha Hanneke akainua mkono. Akanyoosha vidole vitatu! Akasema: Na hii ya tatu, Mama.

Ameniita Mama! Mara ya kwanza! Lakini na vidole! Ananihesabia kama mayai sokoni! Mtu anangoja kuombwa kutoka moyoni, anahesabiwa! Mtu ana heshima yake. Ikanitoka hapana. Hapana kubwa, yenye kishindo. Akabaki na vidole hewani, akavitazama, kama vile kimoja kimemdanganya. Akashukuru kwa chai. Akaenda.

Sasa nimekaa dirishani. Nimevaa koti. Chini ya koti aproni safi, na mkate umo kwenye kitambaa, bado wa moto. Concepta amevaa koti pia, maana ana njaa. Anasema Attracta, duniani kote hakuna mtu anayeomba mara nne. Nikamwambia anyamaze, mtu aliyesema ndiyo kabla ya swali kwisha. Anasema basi tuvuke wenyewe, barabara ni hatua mbili. Tuvuke wenyewe! Kama watu wasio na kwao!

Taa zao zimewaka. Namwona Ultan anaweka sahani. Ameweka tano. Wao wawili, sisi wawili, ya tano ya nani? Ya mbwa, bila shaka, mwanangu ana moyo. Namwona anamwambia Hanneke kitu, naye anakuna kichwa. Hanneke anavaa sweta.

Mlango wao unafunguka! Anakuja! Anavuka!

Navua koti upesi, asije akadhani nilikuwa nangoja. Nimemwambia Concepta avue lake na aweke birika. Nitakataa mara moja tu. Labda mbili.